Nasra alisema tusikae katikati

Siamini bado kwamba naandika "marehemu" kisha jina la Nasra, binti yangu. Homa ya siku nne tu.

Wasiomjua, ni yule injinia wa hapa Mji wa Kale, mtoto wa mama aliyeishia darasa la saba. Ndiyo, najisifu. Nilijisifu akiwa hai, sasa ndiyo niache?

Kazi yake ilikuwa kuijenga nyumba ndani ya kompyuta, kisha kuitia uzito aone itavunjika wapi kabla haijaua mtu. Simulesheni, ndivyo alivyoiita. Mimi nikiwaambia majirani analipwa kwa kucheza gemu. Alikuwa akicheka mpaka machozi.

Mwezi uliopita aliipima nyumba yetu, boriti moja moja, huku akizigongagonga. Akaniita nitazame kwenye kompyuta. Akaweka vidoti thelathini kwenye sakafu ya juu, kila kimoja mtu. Katikati pakawa pekundu.

Nikamwambia sakafu hii ilibeba harusi yangu, na ngoma juu yake.

"Mama, wakati huo boriti zilikuwa hazijaliwa na mchwa. Wageni wakija, wakae chini."

Nikamwambia basi anionyeshe baada ya wekundu kuna nini. Akafunga kompyuta.

Nami nikapuuza. Mimi, mamake.

Juzi wanaume walipokwisha kumchukua kwenda kumzika, kina mama wakajaa juu. Nilikuwa katikati, kikombe nimekiweka sakafuni. Nikaona kahawa inacheza peke yake. Mkeka mzima nikauona mwekundu.

Nikasimama, nikawaambia washuke mmoja mmoja, wapite kando ya ukuta. Dada yangu Mwanaisha akawaambia waniache, ni majonzi. Mwengine akanung'unika kwamba nafukuza watu matangani. Nikapiga magoti.

"Nasra amesema."

Wakashuka.

Jana fundi aliichoma boriti ya kati kwa bisibisi. Ikazama mpaka mpini. Nilikaa hapo hapo kwenye ngazi. Kulikuwa na watoto kule juu, jamani.

Tangu hapo kila mlio wanishtua. Ngazi nimeifunga kwa kamba. Hitima ya Ijumaa itasomwa uani kwa jirani, na nikimzuia mtu kupanda asinikasirikie.

Nasra, mamangu, nilisimama mlangoni nikitazama viatu. Kila jozi ilipata mwenyewe.

Lala salama, injinia wangu. Kule juu hakuna mtu tena.