Mgonjwa wa Sita

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Mimi ni Msabato, mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani tumefundishwa kwamba aliyekufa amelala na hajui lolote. Hata mimi nimewafundisha wengine hivyo. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, saa tisa mchana, ukumbi umejaa watu, na usiseme nilikuwa nimelewa, maana hata chai ninayoichuma shambani siinywi.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Walimu na wenye maduka wa Nyamache tulikuwa na kikundi cha maigizo, na mwaka huo niliandika mchezo unaotokea ndani ya wadi ya wagonjwa wa akili. Sikuwa nimewahi kukanyaga wadi kama hiyo. Nilijiandikia tu: vichaa watano, vitanda vitano vya kuazima bwenini, na kelele. Kila Jumapili alasiri tulifanya mazoezi kwenye ukumbi wa soko, tukirarua mashati na kubweka, watoto madirishani wakicheka hadi kushika mbavu. Nikajiona fundi.

Nyumbani sikuwa fundi wa chochote. Mtoto wetu wa kwanza, mvulana, alikuwa na miezi miwili, na miezi yote hiyo alikuwa akilia. Hanyonyi vizuri, halali, anakonda tu. Zahanati walimpa dawa mpaka wakatuchoka. Mke wangu Kemunto akaniambia kile ambacho Mgusii yeyote wa huku kwetu angesema: mtoto anakataa jina, kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa. Nikampa hotuba. Tumemwita Samweli, nikasema, na wafu hawadai kitu. Nikiwa kazini, wanawake wa boma walimtajia marehemu wote, mmoja mmoja, na bado akalia. Mara nyingi niliweka sikio kifuani pake nihakikishe anapumua. Nilikuwa na hofu, nakuambia kweli.

Jumapili ya tatu ya mazoezi akaingia mwanamume wa makamo, kichwa kimenyolewa, amevaa shati la kaki lisilo na vifungo. "Bwakire," akatusalimu, akakaa nyuma. Tulidhani ni mtu wa upande wa Nyamira aliyewahi kufanya kazi hospitalini, kwa sababu tulipomaliza alikuja kutukosoa. Alisema kwa upole kwamba kelele zetu si za wadini. Kelele ni za nyumbani, kabla hujapelekwa. Ukishafika kule unanyamaza. Akakunja blanketi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaikalia mikono yake, akatazama mlango.

"Leo ni siku ya wageni," akasema.

Hakuna mgeni aliyeingia. Tulikaa tukimtazama mpaka mwenye duka mmoja akafuta macho. Tangu hapo tukaubadilisha mchezo wote. Akaja Jumapili mbili zaidi, na ya mwisho nikamwuliza jina lake.

"Muulize baba yako," akanijibu. "Yeye ndiye aliyeniandikisha pale langoni."

Je, nilimwuliza? Sikuthubutu. Kwetu baba na mwana wana heshima kati yao, na wangu hasa hakuwa mtu wa kuulizwaulizwa. Nikajidai nimesahau.

Siku ya onyesho baba alikaa mstari wa mbele na fimbo yake. Pazia lilipofunguliwa, vitanda vilikuwa sita. Niamini, tulivipanga vitano kwa mikono yetu wenyewe. Kwenye cha sita alikuwa ameketi yule bwana, na safari hii hakutazama mlango, alimtazama baba yangu. Nikasahau maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe. Baba akasimama, kofia mkononi.

"Mokua," akasema. "Ndugu yangu."

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nilipogeuka tena, vitanda vilikuwa vitano.

Baba alitoka, nikamfuata, bado nimevaa nguo za mgonjwa, na njiani akanieleza. Mokua alikuwa mdogo wake. Alipoanza kuongea peke yake, mimi sijazaliwa bado, baba alimpeleka hospitali kubwa Nairobi, akamwahidi atarudi kumwona. Hakurudi. Barua ya msiba ilipokuja aliichoma, na kwa aibu akakataza jina lile lisitajwe bomani. Walioolewa baadaye hawakulijua, na waliolijua waliogopa.

Kwetu baba haingii nyumbani mwa mwanawe aliyeoa. Kwa hiyo alisimama nje ya kizingiti, manyunyu yakimlowesha, mtoto akilia ndani kwa sauti iliyokauka.

"Mokua," akaita. "Umefika nyumbani. Nyonya sasa."

Mtoto akanyamaza. Kemunto alimweka kifuani, naye akanyonya mpaka akasinzia titi likiwa mdomoni. Mzigo uliotoka moyoni mwangu siwezi kukupimia. Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha, mwalimu mzima, na baba akalia nje, kila mtu upande wake wa mlango.

Samweli Mokua sasa yuko darasa la tatu na anakula kunishinda. Wazee wa kanisa waliniita waniulize ninaamini nini siku hizi. Niliwaambia ninaamini mafundisho yote, ila jina la mtoto silibadilishi. Walinikodolea macho, wakaomba, kisha tukaenda kula. Yule bwana hatujamwona tena. Baba naye hamalizi kumtaja: jinsi alivyopiga obokano, kinubi chetu kikubwa, na jinsi wasichana walivyomkimbilia. Anasimulia huku akicheka hadi machozi yanamtoka.

Basi na wewe, kama kuna mtu wenu mliyempeleka mahali mkamwacha, usidhani mkinyamaza amekwisha. Mtajeni mnapokula. Na kama bado yu hai, una bahati kuliko sisi: nenda ukamwite jina lake angali anasikia.