Kipande cha wavu kilichobaki

Leo nimefanyiwa upasuaji wa ngiri ya kitovu, na aliyeniacha hoi ni mama, si daktari.

Ngiri yenyewe ndogo, kama harage. Daktari akaeleza kwamba akishairudisha ndani atashonea kipande cha wavu ili isitokeze tena.

Mama, aliyeshuka kutoka Old Moshi na chupa ya mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, akauliza, "Huo wavu mtautoa lini?"

"Hautolewi, mama. Atakaa nao maisha."

Mama akaiweka chupa chini. Nikajua upasuaji umeishia hapo.
(Ndiyo, nina miaka arobaini na moja na bado namwogopa mama.)

Kisha akasema, "Kitovu chake nilikizika mwenyewe kihambani, shambani kwetu nyumbani, chini ya mgomba. Na huo wavu nipeni kidogo nikauzike pale pale."

Nikamtazama daktari, nikitegemea acheke.
Hakucheka. Alipomaliza kunishona alimpa kipande kilichobaki, ndani ya bahasha.

Sasa mama keshapanda kijijini.
Mimi nimelala hapa sielewi kitu. Wenye akili nielezeni.

Nilipanga kumcheka. Lakini kila nikigusa plasta nawaza kama amechimba shimo refu, kuku wasije wakafukua.