Mke wa Ojambo Hayuko Mbale

Nakumbuka Jumamosi moja pale Malaba, mwanangu Brayo, bendi yetu ilipopanda jukwaani bila mwimbaji wake. Keti vizuri, na hiyo simu weka chini. Nimekuita tuongee juu ya mchezo wenu wa kuchekesha, ule mlioonyesha ukumbini Busia, lakini itabidi nianzie mbali kidogo.

Mimi nilikuwa msichana wa kuitikia nyimbo. Tulivaa suruali za bugaluu za kufagia vumbi na viatu vya raizoni vya soli nene, na hapo mlitupatia sawasawa. Yule msichana wenu alipojikwaa nilicheka mpaka nikashika mbavu, kwa sababu aliyekuwa akijikwaa hivyo ni mimi. Madereva wa malori waliosubiri kuvuka mpaka walijaa baa kila mwisho wa wiki. Waliyemfuata hasa ni Ojambo, kijana wa Funyula. Akiimba, dereva anasahau hata lori lake.

Ojambo alivuka asubuhi moja kwenda Tororo kutengenezesha amplifaya yetu. Alisema jioni atakuwa amerudi tufanye mazoezi. Hakurudi. Miaka ile ng'ambo, upande wa Uganda, kulikuwa kubaya, mwanangu, we acha tu. Mtu anavuka, haonekani tena, na anayekwenda kumuulizia pia haonekani. Wiki zikapita, na watu wa kwao wakaelewa. Kwao Funyula, kama mwili haupatikani, hukatwa mgomba, ukavikwa shuka, ukazikwa mahali pa mtu. Watu wanalia, wananyoa, na waliobaki wanaendelea na maisha. Mama yake alikuwa amekubali. Hata siku ilikuwa imepangwa.

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Madereva walianza kupiga meza wakiuliza Ojambo yuko wapi. Kiongozi wetu, Makokha, mtu wa utani kupita kiasi, akashika maikrofoni akasema, "Ojambo ameoa huko. Amewekwa jikoni, anamenya matoke." Baa nzima ilivunjika mbavu. Sisi pia tulicheka, nadhani tulikuwa tunatafuta tu kitu cha kucheka. Wiki iliyofuata Makokha akaongeza watoto mapacha, halafu mama mkwe mkali. Akina mama wa sokoni Bumala waliyachukua maneno hayo wakayafikisha Funyula, na yalipoingia kwa mama Ojambo hayakuwa utani tena. Yalikuwa habari. Mama akasema mgomba usikatwe, mtoto wake yuko hai.

Mzee Egesa, mjomba wa Ojambo, alitufuata Malaba tukiwa mazoezini. Hakukaa, hata soda alikataa.

"Dada yangu alikuwa tayari kulia," alituambia. "Ninyi mmemzuia. Sasa njooni mumwambie mlikuwa mnacheza."

Makokha akakuna kichwa. "Mzee, hayo ni maneno ya jukwaani tu. Watu watasahau."

"Waliocheka watasahau," mzee akasema. "Dada yangu hakucheka."

Makokha hakwenda. Nilikwenda mimi siku hiyo hiyo, na raizoni zangu mguuni, nikapiga magoti mbele ya yule mama nikamwambia ukweli wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Aliyesema mwenyewe mbona hakuja?" Kwake, kule kutokuja kulikuwa ushahidi kwamba Makokha anajua jambo na analificha.

Ojambo alikuwa na mdogo wake, Wandera. Kwao mdogo haoi kabla ya mkubwa, na mama akamwambia asubiri, kaka yako ataleta mke wake kwanza. Wandera akasubiri. Msichana wake wa Bumala akachoka, akaolewa kwingine. Mama alikufa akiuliza kama wageni wa Uganda wamefika. Wandera amezeekea katika nyumba ya mama yake, hana mke, hana mtoto. Nikifikiria maisha ya mtu huyo, nasikia hasira mpaka leo.

Sasa wewe. Ulipokuwa unaigiza kiongozi wa bendi, na kile kisa cha matoke ambacho mji mzima bado unakicheka, mzee mwenye koti la kijivu alisimama katikati ya ukumbi. Ulimwona. Nilikuwa nimeketi karibu naye. Alikuuliza kwa adabu kabisa, "Kijana, huyo mwanamke anakaa wapi?" Na wewe kwa vile ni mwepesi wa maneno, ukamjibu hapo hapo, "Mbale, mzee, nyuma ya soko." Watu wakapiga makofi. Yeye akasema asante, akaketi.

Huyo ndiye Wandera.

Nilimvuta koti nikamwambia, shemeji, hawa watoto wanaigiza tu. Akaniambia, "Hawa vijana wametembea, tena wana simu. Wanajua." Jumatatu alivuka mpaka na jogoo mkononi, zawadi ya mke wa kaka yake. Alizunguka soko la Mbale akiuliza watu, wengine wakamcheka, wengine wakamfukuza. Alirudi Alhamisi, miguu imevimba, jogoo bado anaye. Anasema lazima aliulizia upande usiofaa wa soko. Anajiandaa kurudi, na mtu wa umri wake, kwa miguu ile, safari hiyo inaweza kummaliza.

Sikukatazi kuchekesha watu, mwanangu. Una kipaji, na mimi nililipa kiingilio kwa furaha. Cheka bugaluu zetu, cheka nywele zetu, nicheke mimi. Lakini mtu aliyepotea, ambaye kwao bado wanamngoja, usimtungie maisha. Na kama umeshamtungia, usimtume bibi mzee akakuombee radhi. Niliwahi kutumwa na aibu ya mtu mwingine, na haikusaidia kitu. Mdomo uliosema ndio uende.

Kwa hiyo utakwenda Funyula leo, kabla hajaondoka. Atakukaribisha vizuri, atakupikia chai, maana ni mtu mwema. Atakuuliza tena ile nyumba iko upande gani wa soko. Hapo ndipo umwangalie usoni umwambie, "Mzee, hakuna nyumba. Nilitunga." Usiongeze neno. Akianza kulia usimnyamazishe, hata akilia mpaka giza liingie. Keti naye.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Akupe umri mrefu na watoto wa kukucheka uzeeni, na akupe leo ujasiri ambao Makokha alinyimwa. Haya, inuka.