Liang Kumi na Sita: Safari Yangu ya Kupima Dawa Ngara

Mwaka ule wa vita malori mazima yote yalikwenda kaskazini kupeleka askari na chakula, na rafu za stoo yetu ya dawa Biharamulo zikabaki na vumbi. Ndipo ikaja barua kutoka zahanati moja ya Nyamiaga, karibu na mji wa Ngara. Daktari Mchina aliyefanya kazi pale alikuwa amerudi kwao, akaacha masanduku mawili ya mizizi mikavu ya dawa na daftari la maelezo ya Kiswahili. Lakini vipimo vyote aliviandika kwa liang na qian, vipimo vya uzito vya kwao. Walitaka mtu wa kuvigeuza viwe gramu, ili zahanati nyingine nazo ziweze kuvitumia.

Nikachaguliwa mimi, na sikushangaa. Nilikuwa mchanganya dawa, tena mtoto wa duka. Babu yangu alitoka pwani na mizani begani. Rafiki yangu mmoja alinipa karatasi aliyoinakili kwa wataalamu wa Kichina wa mpunga: jin moja ni nusu kilo, liang kumi ni jin moja, qian kumi ni liang moja. Kwa hiyo liang ni gramu hamsini, na qian ni gramu tano. Niliikunja nikaitia mfukoni, na moyoni kazi ilikuwa imekwisha kabla sijaondoka.

Alfajiri ya Jumatatu nilipanda trekta la kijiji cha ujamaa lililokuwa likipeleka mbegu za mahindi Lusahunga. Tuliketi juu ya magunia, mimi nikiwa nimekumbatia mizani yangu ya shaba na mawe yake ya gramu. Kutoka Lusahunga nilitembea hadi Nyakahura, ambako mwalimu mmoja alinipa kitanda na uji wa mtama. Wanawe wawili walikuwa vitani. Hakuwataja mpaka asubuhi nilipoaga, akasema tu, "Ukisikia habari njema huko, utuletee."

Siku ya pili nilipata lori bovubovu la kubeba mbao, ambalo jeshi halikulitaka. Nchi ilianza kuinuka. Misitu ikabaki nyuma, migomba ikapanda vilima hadi kwenye ukungu, na baridi ikanifanya nivae koti nililolibeba kwa mapambo. Saa saba mchana nilishuka Nyamiaga.

Zahanati iliendeshwa na Mama Konsolata, mhudumu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliishia darasa la nne, kisha akafanya kazi na yule Mchina miaka mitatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Ndugu Salum. Pole na safari. Kula kwanza, dawa haikimbii."

Baada ya ndizi na maharage akamwita Mzee Gwasa, aliyekuwa ameketi barazani tangu asubuhi. Wajukuu walikuwa wamemleta kwa machela, magoti yamevimba kama viazi.

"Sirimi tena, mwanangu," aliniambia, akitamka kwa 'r' kama wengi wa huko. "Vijana wako vitani, na shamba rinakuwa pori."

Daftari lilisema mzizi wa magoti kama yale uchemshwe, qian mbili. Chini yake, kwa wino mwekundu, daktari aliongeza: ukizidi, ulimi unakufa ganzi, moyo unachoka.

Nikatoa karatasi yangu, nikaweka mawe ya gramu kumi, nikapima. Mama Konsolata aliangalia sahani, akaangalia mzizi, akauweka mkono wake juu yake.

"Hiyo ni nyingi," alisema.

"Hesabu ni hii hapa, Mama. Wameiandika Wachina wenyewe."

"Sibishani na karatasi. Njoo uone."

Akaleta mizani mbili alizoacha daktari: fito nyeusi zenye nukta za shaba, sahani upande mmoja, na pande la chuma linalosogezwa kwa uzi upande wa pili. Kwenye ile kubwa alitundika jiwe la kilo aliloazima duka la kijiji. Chuma kikatulia kwenye alama ya jin mbili. Nikatabasamu, kwani mpaka hapo karatasi yangu ilikuwa sawa.

"Sasa hesabu nukta za jin moja," akasema. "Kila nukta ni liang."

Nilihesabu kwa ukucha. Zilikuwa kumi na sita. Nikarudia kutoka mwisho, zikawa kumi na sita. Kisha akapima mahindi ya nukta moja, akayahamishia kwenye mizani ndogo ya dawa. Ikaonyesha liang moja, qian kumi. Mahindi yale nikayaweka kwenye mizani yangu. Gramu thelathini na moja.

"Daktari aliniambia sokoni kwao walibadilisha, jin ikawa ya liang kumi," alisema. "Kwenye dawa waliacha ya wazee, ya kumi na sita. Nilipoona barua yenu ya kunijulisha unakuja haiulizi ni liang ipi, nikaenda kuazima jiwe."

Qian mbili zilikuwa gramu sita na kidogo. Mimi nilikuwa nimepima kumi. Nilimtazama Mzee Gwasa akingoja kwa utulivu, mikono juu ya magoti. Nikarudisha mzizi uliozidi sandukuni. Mama Konsolata alikwenda kuwasha moto.

Nilikaa siku tano. Tuligeuza daftari zima, yeye akisoma, mimi nikiandika. Siku ya nne Mzee Gwasa alisimama kwa fimbo, akazunguka zahanati mara moja, akaketi, akacheka peke yake.

Nilirudi kwa njia ileile, na Biharamulo mganga mkuu aliisoma orodha yangu taratibu. "Kazi safi," alisema. "Lakini umesahau kutia jina lako."

Nikamweleza yote, hata zile gramu kumi. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia uzito, namwuliza kwanza umepimwa kwa mizani gani. Mganga mkuu akanisogezea kalamu. Chini ya orodha, mahali pa mtaalamu, niliandika: Konsolata, mhudumu, Nyamiaga.