Ng'ombe Aliyekaa Kati Yangu na Baba Mkwe

Siku hizi wakamwana wa kijijini kwetu wanawapigia baba wakwe zao simu, wanatumiana hata vichekesho. Mimi nawaonea huruma. Hawatajua raha ya kuongea na mzee kupitia ng'ombe.

Nilipoolewa Kumsenga nikitokea Nyakitonto, adabu ilikuwa adabu. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawajibizani. Ukikutana naye njiani unaingia majanini, hata kama yana siafu. Maneno yote hupita kwa mama mkwe. Sasa wangu alikuwa amefariki kabla sijafika, na mume wangu alikuwa mlinzi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akirudi mwisho wa mwezi kuja kulala usingizi tu. Katika mji wetu, yaani boma la mzee, tukabaki mimi, mzee, na ng'ombe wa kahawia mwenye masikio mapana kama majani ya mgomba. Ng'ombe ndiye aliyerithi kazi ya mama mkwe.

Asubuhi mzee akikamua, mimi nikiwa jikoni nyuma ya ukuta wa matete, nilimsikia akimsalimia ng'ombe kwa Kiha: "Mwakeye, mama. Mwenzio mgongo umenikesha. Ningepata uji wa mtama, mwepesi, nadhani ningepona."

Basi nateleka sufuria. Uji ukiiva nampigia ng'ombe kelele za kusikika mpaka Burundi: "Mama, uji uko kwenye kigoda, unapoa!"

Wakati mwingine alinisema papo hapo. "Mama, yale maharage ya jana uliyaonja? Nimekunywa kisima kizima."

"Mama, mwambie anayelalamika kwamba kopo la chumvi lilimponyoka mpishi."

Ng'ombe anatafuna tu, hampendelei mtu.

Kisha likatoka tangazo kwamba shule ya kata inaanza masomo ya jioni kwa watu wazima. Mimi niliishia darasa la saba, na hamu ya kusoma ilikuwa imenikaa kooni kama mwiba wa dagaa. Nikampigia mume wangu.

"Mimi sina neno," akasema. "Ila mwenye mji ni mzee. Akikataa, nami nimekataa."

Nikafanya mazoezi mbele ya kinu, nikayarudia mbele ya kuku. Asubuhi nikajikaza.

"Mama, kuna mtu anataka kusoma. Ni jioni, saa kumi mpaka saa moja. Majani yako atakata mchana, maji atachota mapema. Lakini bila baraka ya mji huu hawezi."

Maziwa yaliyokuwa yakilia chwaa, chwaa ndooni yakanyamaza.

"Mama," mzee akasema mwishowe, "kusoma si kubaya. Kibaya ni njia. Saa moja giza limeingia, na pale kwenye mikaratusi kuna fisi na kuna walevi, afadhali fisi. Nani atamrudisha? Mimi siwezi kuongozana na mke wa mwanangu, watu watanicheka mpaka Kasulu. Haiwezekani, mama."

Ugali wa siku ile niliusonga kwa machozi, maji sikuongeza. Mzee akala. Siku ya tatu ndipo nikamsikia akimwambia ng'ombe:

"Mama, majani ya huku yamekuwa magumu, yatakuumiza ulimi. Nasikia pale shule ya kata kuna majani laini. Tutakwenda huko kila jioni."

Majani laini! Uwanja ule ulikuwa vumbi tupu, hata panzi alipita na chakula chake. Nikashika mdomo nisipige vigelegele.

Tangu hapo, nikitoka darasani nawakuta njiani: mzee na tochi yake, ng'ombe na njaa yake. Wanatangulia, mimi nafuata kwa mbali kama mtu asiyewajua. Mwalimu wetu wa hesabu, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, akashindwa kuvumilia.

"Mzee, shikamoo. Huyu ng'ombe naye anasoma?"

"Marahaba. Anarudia kidato cha pili."

Na njiani, tukishapita mikaratusi, mzee anamuuliza ng'ombe: "Mama, leo mmefundishwa nini?"

"Mama, moyo wa mtu una vyumba vinne."

"Vinne! Na wewe matumbo manne. Kumbe mmepishana kidogo tu."

Nilisoma hivyo mpaka nikafanya mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yalipotoka niliyaona kwenye simu nikiwa shambani, nikakimbia mpaka zizini. Mzee alikuwa peke yake. Ng'ombe alikuwa amepelekwa kwa dume la jirani.

Tukasimama, yeye akitazama huku, mimi nikitazama kule. Nilikuwa na habari kubwa kuliko nyumba, na sikuwa na wa kumwambia. Mwisho nikauambia mlango wa zizi: "Nimefaulu."

Mzee akainama, akaiokota ndoo tupu, akaisogeza karibu na uso wake.

"Wewe ndoo," akasema, "mwambie huyo mtu kwamba mama mkwe wake angecheza mpaka barabarani."