Mto wa Viwiko

Dada yangu alikuwaga na vinundu vya njano viwikoni. Dukani kwetu Kipawa tuliviita sugu za kaunta, maana tangu amalize shule aliegemea pale kutwa, akipima mchele na kutaniana na wateja.

"Wenzio wana sugu ya sijda usoni, wewe viwikoni," jirani muuza chapati alimwambia. "Unaisujudia kaunta?"

"Naiomba uondoke, shoga, nipumzike."

Mie nikamshonea mto wa kitenge, nikaujaza sufi, nikauweka juu ya kaunta. Niliamini mwezi ukiisha vinundu vitakuwa vimekwisha. Nikawa namwambia tutafungua duka kubwa Madale, yeye akae kiti cha kuzunguka. Lakini vinundu vikaota hadi nyuma ya visigino. Sikujiuliza visigino vimeegemea kaunta gani.

Asubuhi moja, akinyanyua kiroba cha sukari, kifua kikambana. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Hospitali, daktari alivitazama viwiko, akawauliza wazazi wetu, "Baba na mama mna undugu?"

"Baba yake na baba yangu tumbo moja," baba akajibu kwa fahari, akimwonyesha mama. Kwetu ndivyo tunavyooana.

Daktari akatueleza taratibu. Seli za ini zina vipokezi vya kunasa mafuta ya damu. Vya dada vilikuwepo, na vilinasa. Kilichokosekana ni protini moja ndogo, inayoviunganisha na mtambo wa kuvivuta ndani ya seli. Basi mafuta yakabaki kwenye damu, yakajijenga kwenye mishipa ya moyo na chini ya ngozi, ndivyo vile vinundu. Baba alibeba nakala moja ya kasoro hiyo ya ukoo, mama nyingine, nao wazima. Dada akarithi zote mbili.

"Yaani mzigo umefika mlangoni, wa kuuingiza ndani hayupo," dada akasema, akanigeukia. "Kama wewe nikikuita tushushe mchele."

Tulicheka, hata daktari. Baba hakucheka.

Dawa alianza, ila zilimkuta moyo umeshachoka. Wiki ya tatu tukamzika.

Tulipofungua duka tena nilitaka kuuondoa ule mto. Baba akanizuia. Akanikunja mikono ya nguo, akavipapasa viwiko vyangu, kimoja, kisha kingine. Havikuwa na kitu. Akalaza kichwa juu ya mto, akalia, na mteja wa kwanza akasimama pale nje bila kubisha hodi.