Utabiri wa Wiki, Mwali Akiwa Ndani

Watu wanaoogopa simba siwaelewi vizuri. Simba unamwona, unakimbia au unaliwa, mambo yanaisha. Mimi namwogopa yule bwana mwenye tai anayesimama mbele ya ramani kwenye televisheni na kusema kwa upole, "katika baadhi ya maeneo".

Nilimsikia jioni ya Jumapili, mwezi wa Desemba, nikiwa kwenye kibanda changu cha kushonea pale Kihonda. Kwa fundi wa sare za shule, Desemba ndiyo mwezi wa kula. Vitambaa vya bluu na vya kijani vilikuwa vimenizunguka mpaka magotini, joto linachemsha ubongo, na kinyozi wa jirani alikuwa ameigeuza televisheni yake ituangalie sote. Wiki inayoanza, alisema yule bwana, jua kali litaendelea, na kuanzia katikati ya wiki vinatarajiwa vipindi vya mvua kubwa katika baadhi ya maeneo ya mkoa wa Morogoro, hasa ya milimani. Uwezekano wa kutokea ni wa wastani. Athari zinazoweza kutokea ni za wastani.

Kinyozi alicheka. "Baadhi ya maeneo ndiyo wapi? Si angesema tu hajui, tukaendelea na mpira."

Alikuwa na haki ya kucheka. Mkoa wetu mtu anaweza kuondoka Gairo na vumbi kwenye kope, afike Ifakara akute watu wanavuka kwa mtumbwi, na kote huko ni Morogoro. Lakini mimi mkasi ulinitoka mkononi. Niligeuka nikautazama mlima, ambao kutoka Kihonda unauona wote ukiamua kujionyesha, na jioni ile ulikuwa mweupe peee, hauna hata wingu la kusingizia. Huko juu, katika nyumba ya mama yangu iliyo kando ya kijito, binti yangu wa pekee alikuwa ndani. Alikuwa mwali.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Sisi wa mlimani binti akivunja ungo anawekwa ndani. Haoni jua, hasemi kwa sauti, mkubwa akimsemesha anajibu kwa kupiga makofi taratibu. Anakaa na somo wake, mwanamke anayemfundisha mambo ya utu uzima, na chumbani mwao haingii mwingine, hata mama mzazi. Zamani ilikuwa miezi mingi. Siku hizi tunaibana kwenye likizo ya shule, simu inafichwa, na Januari mwali anavaa sketi anapanda kidato cha kwanza kama wenzake. Kitu kimoja tu hatujakibana: siku ya kutoka. Mwali hutolewa kwa ngoma, juu ya mabega, na anayeamua siku hiyo ni mjomba wake, kwa sababu ukoo wetu unafuata upande wa mama. Mjomba mwenyewe ni kaka yangu, yuko kwenye mashamba ya miwa kule bondeni, na alikuwa ameshasema Jumamosi.

Utabiri ulisema katikati ya wiki. Nilikaa nikizipiga zile siku kichwani na kila nilivyozipiga zilikataa kukaa sawa.

Nilimpigia simu usiku uleule. "Kaka, mvua inakuja. Nyumba ya Mama iko mdomoni mwa kijito. Toa ruhusa mtoto ahamishwe."

"Mvua gani? Huku tunakaangwa."

"Wametangaza."

"Wametangaza mara ngapi?" akasema, na nikasikia wenzake wanacheka nyuma yake. "Dada, tulia. Jumamosi nakuja na ngoma yangu. Usinitoboe masikio."

Sikutulia. Jumanne asubuhi nilifunga kibanda, wateja wakanitukana kwa heshima, nikapanda bodaboda mpaka pale barabara inapochoka, na iliyobaki nikaimaliza kwa miguu, nikihema kama mgeni. Nilizaliwa kule, lakini mji unalegeza mapafu. Njia nzima nilikuwa natazama mawe. Nilipokuwa mdogo, ng'ambo ya bonde letu upande wa mlima ulimeguka mchana, ukashuka na migomba yake imesimama wima, ukafunika nyumba mbili. Mahali pale hapajaota miti mikubwa mpaka leo. Watu wanapanda mihogo na kupita bila kuongea.

Nilimkuta mama yangu uani anapepeta maharage. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye ungo, maana alikwishapigiwa simu na kaka.

"Umekuja kumtoa mwali," alisema.

"Nimekuja kumhamisha, Mama. Tumfunike kanga tatu, nne, tumpeleke juu kwa mama mdogo. Jumamosi atatolewa hukohuko."

Alinyanyua kidole akakizungusha angani. Mbingu ilikuwa imepigwa pasi. "Dalili ya mvua ni mawingu. Yako wapi?"

"Yatakuja."

"Mwanangu, mwacha asili ni mtumwa."

"Na aliyekufa, Mama, ana asili gani?"

Hapo aliweka ungo chini. Nilidhani atanichapa, umri wangu huu. Badala yake alisema polepole kwamba nisidhani yeye haogopi. Mdogo wake mwingine, marehemu, wa kufuatana naye, alitolewa kabla ya siku, kwa sababu nyumba iliungua, hakukuwa na ngoma wala mabega. Akaolewa, hakupata mtoto. Akaachwa, akaolewa tena, akaachwa tena. Mpaka anazikwa watu walikuwa wakisema ni kwa sababu aliliona jua. "Wewe unaogopa mvua," mama alisema. "Mimi naogopa midomo. Mvua inanyesha inakatika."

Ningeweza kumwambia kwamba ugumba hauletwi na jua, na angenitazama kama anavyomtazama daktari anayemkataza chumvi. Lakini ukweli ni kwamba mimi mwenyewe, niliyesoma mpaka kidato cha nne, niliposikia habari ya yule marehemu niliiamini kidogo. Hofu mbili zilikuwa zimenikalia, moja bega la kulia na moja la kushoto, na kila moja ilikuwa na hoja.

Basi nikabaki. Jumatano jua lilitoka mapema na kuchoma mpaka kuku wakajificha chini ya uchanja. Wanawake waliokuja kuchota maji walishanipa jina, Bi Utabiri. "Shikamoo Bi Utabiri, tuanike mpunga au tusianike?" Na mimi nacheka nao, meno nje, huku nikinyemelea kijito kila baada ya muda kukiangalia kama mtu anayeangalia maziwa yasifurike. Kilikuwa kinapita vizuri, kinaongea kama kawaida yake, miguuni mwa nyumba kabisa. Mama alijenga pale kwa ajili ya maji. Hakuna aliyemshauri vingine, na kwa miaka mingi kijito kile kilikuwa baraka yake.

Nilizunguka nyuma ya chumba cha mwali nikakohoa, ili mtoto ajue nipo. Kutoka ndani nikasikia makofi mawili madogo. Nililia pale nyuma ya nyumba kama mjinga, nikajifuta kwa upindo wa kanga, nikarudi uani kumenya ndizi.

Alhamisi ilikuwa hivyohivyo, na hapo ndipo tulipokosea sote, mimi nikiwamo. Tulikuwa tunatazama mbingu ya juu ya paa letu. Hiyo ilikuwa safi. Mchana ulipopinda, kilele cha nyuma, ambacho kutoka nyumbani hukioni kwa sababu mgongo wa karibu unakiziba, kilikuwa kimeshavaa weusi, na mvua ilikuwa inapigwa huko kama imekodiwa. Sisi tuko juani. Mama amejilaza mkekani kivulini. Somo wa mwali ametoka kidogo kwenda kutafuta mboga. Ngurumo moja ilisikika mbali, na mama akasema ni lori la mbao.

Kisha kukawa na kitu ambacho sikukitambua mara moja. Kulikuwa kumetulia. Nilisimama na kisu mkononi, nikijiuliza nimesahau nini. Kijito kilikuwa kimenyamaza. Nilikwenda ukingoni: mawe yamebaki yanang'aa, vidimbwi hapa na pale, samaki wadogo wanarukaruka kwenye tope. Maji yamekwenda wapi na huko juu kuna mvua? Kuna kitu kimeziba. Miti, udongo, mawe, Mungu ndiye anayejua, na nyuma yake maji yanajaa.

Miguu yangu ilikimbia kabla yangu. Nilipita ukumbi, nikafika kwenye mlango wa chumba cha mwali, ule mlango wa mbao usio hata na komeo. Na pale mlangoni nikasimama. Mkono ulikuwa juu, vidole vimegusa ubao. Nikamwona yule marehemu asiyezaa. Nikaona midomo ya wanawake wachota maji, nikaona kaka na ngoma yake, nikamwona binti yangu mtu mzima, ameachwa, analia kwa sababu yangu. Sijui nilisimama kwa muda gani.

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Mtoto alikuwa amesimama, kichwa wazi, macho yamenyooka usoni kwangu, akasema kwa sauti kamili ambayo nilikuwa sijaisikia tangu likizo ianze, "Mama, mto umekauka."

Nikamshika mkono tukatoka. Tulipita uani kwenye jua lile, yeye akifumba macho kwa uchungu wa mwanga, nami nampigia mama yangu kelele anyanyuke. Mama alituona. Nilitegemea mayowe. Alinyanyuka, akachomoa kanga yake kiunoni, akaanza kutufuata akipanda ule mteremko kwa magoti yake mabovu, huku akiitupa kanga mbele ajaribu kumfunika mjukuu kichwa. Inaanguka, anaiokota, anaitupa tena. Nilimwambia, "Mama, kimbia!" naye ananijibu, "Mfunike! Mfunike!"

Tulikuwa kwenye migomba ya juu uliposikika mlio. Siwezi kuueleza, na wanaoueleza sijui wanapata wapi maneno. Ardhi ilitetemeka kwenye nyayo. Kitu cha rangi ya matofali kilishuka mahali palipokuwa na kijito, kimebeba magogo na mawe makubwa kuliko kibanda changu cha Kihonda, kikachukua jiko, kikachukua choo, kikachukua chumba cha mwali, mlango na kitanda chake, kikaacha nusu ya ukumbi imesimama na kalenda ukutani. Juu yetu hakukuwa na tone hata moja. Somo tulimpata baadaye ng'ambo ya pili, mzima, amekumbatia kikapu cha mboga na hawezi kusema.

Binti yangu alitazama yote. Bibi yake alikuwa amefanikiwa mwishowe kumfunika ile kanga kichwani, na alikuwa amemkumbatia juu yake, anarudia kusema hakuliona jua, hakuliona jua, mashahidi ninyi migomba, hakuliona.

Jumamosi kaka alikuja na ngoma kama alivyoahidi. Alisimama ukingoni mwa lile tope akavua kofia, akakaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na mzaha wowote. Wazee wa ukoo walishauriana kule kwa mama mdogo, wakakubaliana kwamba mwali alifunikwa na bibi yake, basi alikuwa bado ndani. Hakuna aliyebisha. Kaka akambeba mabegani, vigelegele vikapigwa, wale wale walioniita Bi Utabiri wakanitunza. Mama yangu alicheza kwa magoti yake yale. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na bado nilikuwa naogopa, sijui tena naogopa nini.

Jioni, wageni wakila, nilikaa na binti yangu kwenye mkeka nimfumue nywele. Sasa alikuwa ameruhusiwa kusema. Nilimuuliza ilikuwaje akajua kuhusu mto. Akasema ndani hakuna cha kufanya ila kusikiliza. Anajua kikohozi cha kila mtu. Anajua miguu ya bibi na miguu ya somo, anajua hata kuku yupi ameingia ukumbini.

"Mto uliponyamaza niliogopa sana," alisema. "Lakini nikasikia miguu yako inakuja mbio."

"Nilikuja kukutoa, mwanangu."

Kitana kilikuwa mkononi mwangu na sikukisogeza.

"Najua, Mama," alisema. "Nilikusikia unafika mlangoni. Nikakaa nasubiri ufungue."